Kusoma mawimbi na upepo kwa ajili ya kuteleza mawimbini

Kusoma mawimbi na upepo ni ujuzi wa kutambua mapema kama ufuko fulani utakuwa na mawimbi yanayofaa kwa mchezo wa kuteleza mawimbini, yatafika saa ngapi, na kama yatakuwa salama kwa anayetaka kuingia majini. Ujuzi huu hutumia taarifa za hali ya hewa na bahari pamoja na kuyatazama maji yenyewe kwa macho.

Mchezo wa kuteleza mawimbini una asili yake katika visiwa vya Polinesia, hasa Hawaii. Mchezaji husimama juu ya ubao na kuteremka kwenye uso wa wimbi linalokaribia kuvunjika. Uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo 2020, iliyofanyika mwaka 2021. Tofauti na mpira wa miguu, uwanja wa mchezo huu huletwa na bahari, na mara nyingi hudumu saa chache tu kabla ya kuharibika. Kwa hiyo kujua lini na wapi pa kwenda ni nusu ya mchezo.

Anayeanza huangalia namba moja tu, yaani kimo cha wimbi. Namba hiyo ikisomwa peke yake hudanganya, na wakati mwingine udanganyifu huo huua.

Mawimbi yanakotoka

Mawimbi karibu yote yanayotumiwa katika mchezo huu hutengenezwa na upepo. Upepo ukivuma juu ya bahari hukunja uso wa maji; mikunjo hiyo hushika upepo zaidi na kukua. Ukubwa wa mawimbi hutegemea mambo matatu: kasi ya upepo, muda ambao umevuma, na urefu wa eneo la maji ambalo upepo unalipita bila kizuizi. Jambo la tatu husahauliwa mara kwa mara. Ndilo linaloeleza kwa nini Ziwa Viktoria, hata likichafuka kiasi cha kuzamisha mitumbwi, haliwezi kutoa mawimbi marefu kama ya Bahari ya Hindi au Pasifiki: upepo hauna nafasi ya kutosha ya kuyakuza.

Ndani ya dhoruba bahari huwa vurugu tupu, mawimbi ya kila ukubwa yakigongana. Haya huitwa hapa mawimbi ya upepo. Yanapotoka nje ya eneo la dhoruba hujipanga: yale mafupi hufifia, na yale marefu huendelea yakiwa laini na yenye mpangilio, pengine kwa maelfu ya kilomita. Haya ndiyo mawimbi ya mbali, na ndiyo yanayotafutwa na wachezaji. Kinachosafiri ni nishati, si maji. Chupa inayoelea hupanda na kushuka karibu mahali palepale wimbi likipita chini yake.

Kipindi

Kipindi ni idadi ya sekunde zinazopita kati ya kilele kimoja na kinachofuata mahali palepale. Kati ya namba zote zinazotolewa katika utabiri, hii ndiyo inayosema mengi zaidi.

Katika maji ya kina kirefu, urefu wa wimbi kutoka kilele hadi kilele hupatikana kwa kuzidisha kipindi kwa chenyewe, kisha kwa 1.56. Wimbi la sekunde 8 lina urefu wa mita 100 hivi. La sekunde 16 lina mita 400. Kipindi kimeongezeka mara mbili, urefu umeongezeka mara nne. Wimbi huanza kuhisi sakafu ya bahari linapofika kwenye kina kilicho nusu ya urefu wake. Kwa hiyo la sekunde 8 hugusa sakafu kwenye kina cha mita 50, na la sekunde 16 tayari kwenye mita 200, mbali na ufuko. Tangu hapo hupungua kasi, hujikusanya na kuinuka. Wimbi refu lililoonekana dogo kwenye bahari kuu linaweza kusimama juu kuliko ilivyotarajiwa likifika kwenye maji ya kina kifupi.

Nguvu inayobebwa na wimbi hulingana na kimo kikizidishwa kwa chenyewe, kisha kwa kipindi. Tulinganishe siku mbili. Siku ya kwanza utabiri unasema mita 2 kwa sekunde 8: mbili mara mbili mara nane ni 32. Siku ya pili unasema mita 1.5 kwa sekunde 16: moja na nusu mara moja na nusu mara kumi na sita ni 36. Siku ya pili ina nguvu zaidi, ingawa aliyesoma kimo peke yake angedhani bahari imepoa.

Kwa makadirio ya jumla, kipindi cha chini ya sekunde 8 huashiria mawimbi yaliyotengenezwa na upepo wa karibu, mafupi na yenye vurugu. Kati ya sekunde 9 na 12 yanaweza kutelezeka vizuri. Kuanzia sekunde 13 kwenda juu, mawimbi yametoka kwenye dhoruba kali, kwa kawaida iliyo mbali.

Kipindi pia hueleza mawimbi yatafika lini. Mawimbi husafiri kwa makundi, na kasi ya kundi katika kilomita kwa saa hupatikana kwa kuzidisha kipindi kwa 2.8. Kundi la sekunde 20 huenda kilomita 56 kwa saa. La sekunde 10 huenda kilomita 28. Dhoruba ikiwa umbali wa kilomita 3,000, mawimbi ya sekunde 20 yatafika baada ya siku mbili na saa chache, ilhali yale ya sekunde 10 yatachukua siku nne na nusu. Ndiyo maana dalili ya kwanza ya dhoruba ya mbali ni kipindi kirefu chenye kimo kidogo. Kwenye grafu ya boya, mchezaji mzoefu akiona kipindi kimeruka ghafla kutoka sekunde 9 hadi 18 huanza kuandaa ubao, hata kama kimo bado ni nusu mita.

Kimo kinachotangazwa

Kimo kinachoandikwa katika utabiri si kimo cha wimbi kubwa kuliko yote. Ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi. Kipimo hiki kilichaguliwa kwa sababu hukaribiana na kile ambacho jicho la baharia mzoefu hukadiria.

Matokeo yake ni mazito. Kati ya mawimbi elfu moja, lile kubwa kuliko yote huweza kukaribia mara mbili ya kimo kilichotangazwa. Mawimbi ya sekunde 12 hufikia elfu moja katika muda wa saa tatu na dakika ishirini, yaani muda wa kawaida wa mchezaji kukaa majini. Aliyeingia siku ya mita 2 ategemee kukutana na wimbi la karibu mita 4 kabla hajatoka. Mvuvi anayesimama kwenye mwamba naye ategemee hivyohivyo.

Jambo jingine ni kwamba namba hiyo huweza kuchanganya mifumo miwili. Mawimbi ya mbali ya mita 1.5 yakikutana na mawimbi ya upepo ya mita 2, kimo cha jumla kinachotangazwa ni mita 2.5, si 3.5, kwa kuwa zinazojumlishwa ni nishati. Taarifa nzuri hutenganisha mifumo hiyo na kutoa kimo, kipindi na mwelekeo wa kila mmoja. Taarifa isiyotenganisha haimsaidii sana mtu wa ubao.

Wachezaji wa Hawaii wana desturi yao: hukadiria wimbi kwa nyuma, na namba yao huwa karibu nusu ya kimo cha uso wake. Mgeni asiyejua desturi hiyo huweza kujikuta mbele ya ukuta wa maji ulio mara mbili ya alivyoambiwa.

Mwelekeo na umbo la pwani

Mwelekeo wa mawimbi hutajwa kwa upande yanakotoka, kama ulivyo upepo. Katika Kiswahili jambo hili si geni: kusi ni upepo utokao kusini, na kaskazi hutoka kaskazini. Mkondo wa maji, kinyume chake, hutajwa kwa upande unakokwenda, na wengi huchanganyikiwa hapo.

Ufuko unaotazama kusini haupati mawimbi ya kaskazini, na kisiwa kilicho mbele yake huweza kuukinga hata na mawimbi yaliyolengwa kwake. Hata hivyo mawimbi hupinda. Sehemu ya wimbi iliyo kwenye kina kifupi hupungua kasi huku iliyobaki ikiendelea, na wimbi zima huzunguka rasi au kujipinda kuelekea mwamba. Mawimbi ya kipindi kirefu hupinda zaidi kwa kuwa huhisi sakafu mapema.

Mfano mashuhuri ni Nazaré, Ureno. Mbele ya mji huo kuna bonde refu chini ya bahari linalofika karibu na ufuko. Mawimbi yanayopita juu ya bonde hubaki na kasi, yale ya pembeni hupungua, na pande hizo mbili hukutana karibu na mnara wa taa zikijumlisha vimo vyao. Hapo ndipo Mjerumani Sebastian Steudtner alipoteleza tarehe 29 Oktoba 2020 kwenye wimbi lililopimwa kuwa mita 26.21, rekodi iliyotambuliwa na Guinness. Dhoruba ileile iliyotoa wimbi hilo haikutoa kitu kama hicho kwenye fukwe nyingine za jirani.

Wimbi huvunjika linapofika kwenye kina cha takriban mara 1.3 ya kimo chake. Sakafu ikipanda polepole, kama kwenye mchanga ulio tambarare, wimbi humwagika kwa upole. Ikipanda ghafla, kama kwenye mwamba wa Teahupo'o huko Tahiti yalikofanyika mashindano ya Olimpiki ya 2024, kilele hurushwa mbele na kuacha tundu ndani yake.

Upepo

Mawimbi mazuri yaliyosafiri siku nne huweza kuharibiwa na upepo wa saa moja. Upepo unaotoka baharini kuja ufukweni husukuma vilele kwa nyuma, wimbi huvunjika mapema na uso wake hujaa vikunjo. Upepo unaotoka bara hulipiga wimbi usoni, hulishikilia lisivunjike haraka na kulilainisha. Upepo wa pembeni huwa katikati ya hali hizo mbili.

Si kila upepo wa bara ni wa kushukuru. Ukizidi kilomita 40 kwa saa, mchezaji hupata shida ya kuteremka kwenye wimbi kwa sababu ubao huinuliwa na matone humpofusha. Tena upepo huo humsukuma mbali na ufuko yeyote aliyechoka, na anayeelea juu ya kitu cha kujazwa hewa huchukuliwa kirahisi zaidi. Ukiwa ufukweni maji huonekana shwari kabisa, kwa kuwa karibu na nchi kavu upepo wa bara haujapata nafasi ya kuyachafua.

Katika nchi za joto upepo una ratiba ya kila siku. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko bahari, na hewa hutiririka kutoka bara kwenda baharini. Watu wa pwani ya Waswahili huuita upepo huo wa asubuhi umande. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto, hewa yake huinuka, na upepo wa bahari huingia kuchukua nafasi. Kwa sababu hiyo wachezaji wengi duniani huamka alfajiri. Saa 12 hadi saa 3 asubuhi mara nyingi ni bora kuliko mchana mzima.

Maji kujaa na kupwa

Maji kujaa na kupwa hubadilisha kina, na kina huamua wimbi livunjike wapi na namna gani. Mwamba unaotoa wimbi zuri maji yakiwa nusu huweza kuwa mkavu yakipwa, na yakijaa mawimbi hupita juu yake bila kuvunjika. Tahiti tofauti ya maji kujaa na kupwa ni ndogo sana. Hossegor, Ufaransa, hupita mita 4 wakati wa bamvua, na ufuko uleule huonekana kama fukwe tatu tofauti kwa siku moja. Wakati wa maji mafu mabadiliko ni madogo na muda wa kuteleza huwa mrefu.

Mfano wa Jeffreys Bay

Jeffreys Bay, kilomita 75 hivi magharibi mwa Gqeberha nchini Afrika Kusini, ni mahali pazuri pa kujifunzia kwa sababu mambo yote yaliyotajwa hukutana hapo. Majira ya baridi, dhoruba hupita kusini mwa bara kutoka magharibi kwenda mashariki na kutuma mawimbi ya kusini-magharibi. Mji hautazami upande huo. Mawimbi hulazimika kuzunguka rasi ya Cape St Francis kwanza, na katika kupinda huko hupoteza kimo lakini hujipanga kuwa mstari mrefu unaovunjika kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Upepo wa kusini-magharibi unaofuata dhoruba, ambao pengine pote ungeharibu mambo, hapa hutoka bara.

Tuchukue kwamba Jumanne saa 6 mchana ramani inaonyesha dhoruba kilomita 2,000 kusini-magharibi. Mawimbi ya sekunde 16 huenda kilomita 45 kwa saa, kwa hiyo yatafika Alhamisi kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi. Yale ya sekunde 12, ambayo ndiyo mengi, yatafika usiku wa Alhamisi. Utabiri wa upepo unasema Alhamisi ni mashariki, unaotoka baharini, na Ijumaa kusini-magharibi. Mchezaji anayesoma vizuri atalala Alhamisi na kuingia majini Ijumaa alfajiri. Hatategemea kimo kilichoandikwa kwa ajili ya bahari kuu, maana rasi itapunguza sehemu yake. Na dhoruba yenye kipindi kifupi zaidi ingepunguzwa zaidi, kwa kuwa mawimbi mafupi hayapindi vya kutosha.

Waandaaji wa mashindano hufanya hesabu hizohizo. Hutangaza siku kadhaa za kusubiri badala ya tarehe moja, kisha huchagua zilizo bora. Mashindano ya kumbukumbu ya Eddie Aikau huko Waimea Bay, Hawaii, hudai nyuso za mawimbi za mita 12 hivi. Tangu yalipoanza katikati ya miaka ya 1980 hadi mwisho wa 2024 yamefanyika mara 11 tu.

Historia ya utabiri

Utabiri wa kisayansi wa mawimbi haukuanza kwa ajili ya michezo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Harald Sverdrup na mwanafunzi wake Walter Munk, wa taasisi ya Scripps huko California, walitengeneza njia ya kukadiria mawimbi ili majeshi yajue kama vyombo vya kuteremsha askari vingeweza kufika ufukweni bila kupinduka. Njia hiyo ilitumiwa pia kwa Normandy, ambako kushuka kuliahirishwa kwa siku moja hadi tarehe 6 Juni 1944 kwa sababu ya hali ya hewa.

Mwaka 1963 Munk na wenzake waliweka vituo vya kupimia kutoka New Zealand hadi Alaska na kuyafuata mawimbi ya dhoruba za karibu na Antaktiki kuvuka Pasifiki nzima. Kwa kuangalia jinsi kipindi kilivyopungua siku hadi siku kwenye kituo kimoja waliweza kukokotoa umbali wa dhoruba, kwa kanuni ileile ya mawimbi marefu kutangulia. Mwaka 1985 kampuni ya Surfline ilianza California kuuza taarifa za mawimbi kwa simu. Leo maboya, satelaiti na programu kama WAVEWATCH III ya shirika la Marekani NOAA hutoa utabiri wa dunia nzima bila malipo. Programu hizo hugawa bahari katika vipande vipana, kwa hiyo haziuoni mwamba mmoja wala mlango wa maji ulio mbele ya kijiji.

Kutazama kabla ya kuingia

Kwa kuwa mawimbi ya mbali huja kwa makundi, bahari huweza kutulia dakika kumi au zaidi, kisha ikaleta mawimbi matano au sita makubwa mfululizo. Kadiri kipindi kinavyokuwa kirefu ndivyo utulivu huo unavyoweza kuwa mrefu na wa kulaghai. Waokoaji hushauri kukaa ufukweni dakika 15 hadi 20 ukitazama kabla ya kugusa maji. Mwamba uliolowa mahali ambapo hakuna wimbi linalofika ni ushahidi kwamba lilifika punde.

Maji yanayoletwa na mawimbi lazima yarudi, nayo hurudi kwa mkondo mwembamba wenye kasi. Mkondo huo hutambulika kwa maji meusi au yenye mchanga, na kwa pengo ambapo mawimbi hayavunjiki. Asiyejua huchagua kuogelea hapohapo kwa sababu panaonekana shwari. Aliyekamatwa asishindane nao. Aogelee sambamba na ufuko mpaka autoke.

Pwani ya Afrika Mashariki

Pwani ya Kenya na Tanzania haina sifa kubwa katika mchezo huu, na sababu zake zinasomeka kwa kanuni zilizotajwa. Sehemu kubwa imezungukwa na miamba ya matumbawe, hivyo mawimbi huvunjika mbali na ufuko. Madagaska hukinga sehemu ya mawimbi ya mbali yanayotoka kusini. Kusi na kaskazi zote mbili, zikifika kwenye fukwe zinazotazama mashariki kama zile za Unguja, huwa na mwelekeo wa kutoka baharini, na mawimbi yake ni ya kipindi kifupi. Nafasi nzuri zaidi ni asubuhi ya umande, au katika maleleji, pepo zinapobadilishana na bahari kutulia.

Upepo huohuo unaomkera mwenye ubao wa kawaida ndio umewaleta Paje na Diani watu wanaovutwa na tiara kubwa juu ya maji. Wao huhitaji upepo thabiti na maji tulivu nyuma ya mwamba, wala hawajali mawimbi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa upepo na kimo cha mawimbi kwa watumiaji wa bahari. Namba hizo ni za bahari iliyo nje ya mwamba. Ndani, wakati wa bamvua maji yanapopwa, yote yaliyojaa nyuma ya mwamba hutoka kupitia milango michache, na yakikutana hapo na mawimbi ya kusi huinuka na kuvunjika hata siku ambayo utabiri umeandika mita moja.